Elfu Mbili za Mwezi na Mtaji wa Omena

Mwaka 2007 watafiti walianza kuzifuatilia kaya zilizokuwa zikilea mayatima katika wilaya saba za Kenya, zikiwamo Migori, Homa Bay na Suba. Katika kila wilaya lokesheni nne ziliteuliwa. Kura ikapigwa: katika mbili, kila kaya ikaanza kupokea shilingi 1,500 kwa mwezi kutoka serikalini; katika mbili nyingine, kaya zikasubirishwa ili zilinganishwe na zile zilizolipwa. Karungu, siku hizo ikiwa tarafa ya wilaya ya Migori, imo katika ukanda ambao ndio hasa uliofanya mpango huo ubuniwe: ufuo wa Ziwa Victoria, ambako UKIMWI uliwaondoa wazazi na kuwaachia nyanya na babu mzigo wa kulea upya. Hospitali ya misheni ya St. Camillus na kituo cha watoto cha Dala Kiye, vyote vya Karungu, vinajua hesabu ya miaka hiyo kuliko ofisi yoyote ya Nairobi.

Hofu iliyosikika sana wakati huo ni kwamba mtu akilipwa bila kufanya kazi ataacha kufanya kazi. Majibu yaliyokuja miaka miwili baadaye, na tena baada ya ufuatiliaji wa 2011, yalikwenda upande mwingine. Baadhi ya kaya zilizolipwa ziliongeza mifugo midogo, mbuzi na kondoo. Zile zinazoongozwa na wanawake ziliingia zaidi katika biashara ndogondogo. Watoto, hasa wavulana, walipunguziwa kazi za shamba. Na wachumi walipokadiria jinsi pesa zilivyozunguka, waliona kwamba Nyanza kila shilingi iliyolipwa ilizaa kama shilingi 1.34 ya mapato, sehemu kubwa ya nyongeza ikiwaangukia watu wasiokuwa kwenye mpango: mwenye duka, fundi, mchuuzi wa samaki.

Kwa hiyo swali ambalo ofisi za ajira za Ulaya zimelihangaikia kwa miongo mingi, la namna ya kumtoa mtu kwenye posho na kumfikisha katika kazi yake mwenyewe, lina ushahidi wake hapa kando ya ziwa. Ushahidi huo unastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu posho ya huku ni ya namna nyingine kabisa.

Kenya haina fao la kukosa ajira. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Zaidi ya hapo mtu yuko mikononi mwa jamaa zake. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hushughulika na uzee, ulemavu na warithi; kijana wa miaka 30 aliyepoteza kazi Ijumaa hana cha kudai huko Jumatatu. Tanzania imetangulia katika hili. Kwa sheria ya 2018 iliyounda mfuko wa PSSSF, mwanachama aliyechangia kwa angalau miezi 18, kisha akapoteza ajira bila kutaka, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Hata hivyo wafanyakazi wengi wa Tanzania walilalamika kwamba wamenyang'anywa fao la kujitoa, lile la zamani lililomruhusu mtu achukue michango yake yote kwa mkupuo. Malalamiko hayo yalikuwa na mantiki ambayo wapanga sera mara nyingi hawaioni: theluthi ya mshahara kwa miezi sita hulisha nyumba, lakini mkupuo hufungua duka.

Katika kaunti ya Migori mwajiri mkubwa wa kuajiri kwa barua alikuwa kiwanda cha sukari cha Sony, Awendo. Mei 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya Busia Sugar Industry, na wafanyakazi wakajikuta wanakabiliwa na kupunguzwa huku bado wanadai malimbikizo ya mishahara. Hao angalau wana kifungu cha sheria cha kushika. Wengi wa majirani zao hawana. Kwa takwimu za serikali, kati ya kazi mpya 848,200 zilizopatikana Kenya mwaka 2023, kazi 720,900 zilikuwa za sekta isiyo rasmi: jua kali, vibanda, bodaboda, uchuuzi. Karungu hali hiyo ni ya tangu zamani. Mtu haingii katika kujiajiri baada ya kukosa ajira; anazaliwa humo, na kinachobadilika ni kama atafanya kazi hiyo akiwa na mtaji au bila mtaji.

Hapa ndipo inafaa kutazama nchi zilizoanza mapema. Uingereza ya miaka ya 1980, ikiwa na watu zaidi ya milioni tatu wasio na kazi, ilianzisha mpango wa kumlipa asiye na ajira pauni 40 kwa wiki, mwaka mzima, akianzisha biashara yake. Sharti lilikuwa aonyeshe pauni 1,000 za kuanzia. Ujerumani, kwa mpango ulioanza 2006, sasa humwachia anayejiajiri posho yake kwa miezi 6 na kumwongezea yuro 300 kwa mwezi za kulipia bima, kisha anaweza kupewa zile yuro 300 peke yake kwa miezi 9 zaidi. Nchi zote mbili zilikuwa zimetambua kwamba biashara changa haiwezi kumlisha mwenyewe miezi ya mwanzo. Posho ikikatwa siku ile duka linapofunguliwa, mtu atakula mtaji.

Kenya haimkatii mtu posho kwa njia hiyo. Mlezi aliye kwenye orodha ya Inua Jamii, mpango wa posho wa serikali unaojumuisha ule wa mayatima, akianza kuuza omena sokoni hafutwi kwa sababu ameuza omena. Hilo ni jambo jema, na halisifiwi vya kutosha. Tatizo la huku liko kwingine: pesa ni kidogo, haziji kwa wakati, na hazikui. Zile shilingi 1,500 zilipandishwa hadi 2,000 mwanzoni mwa miaka ya 2010. Zimebaki hapo hapo, wakati unga, mafuta na nauli vimekwenda vinakokwenda. Malipo hucheleweshwa, halafu huja ya miezi kadhaa pamoja. Aprili 2020, janga la korona lilipoanza, wazee na walezi walipokea shilingi 8,000 kwa mara moja, za miezi minne. Ucheleweshaji ni kero kubwa kwa mtu anayetegemea pesa hizo kula, na hakuna la kuutetea. Lakini ukweli ni kwamba shilingi 8,000 zilizokuja pamoja zilikuwa na nguvu ambayo 2,000 hazijawahi kuwa nayo.

Ili kuona kwa nini, mtu aangalie omena inavyofanyiwa biashara Sori, mji mkubwa wa Karungu, na kwenye fuo zinazoambaa kuelekea Gwassi upande wa Homa Bay na Muhuru upande wa mpaka wa Tanzania. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi taa za betri na sola zimeenea. Alfajiri mashua zikifika, wanawake hununua kwa beseni au ndoo, na mwenye pesa taslimu ndiye anayehudumiwa kwanza. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu au majani. Jua likiwaka, zinakauka siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha, zinaharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kinachobaki hutiwa kwenye magunia na kusafirishwa kwa barabara ya Rodi Kopany au ya Migori, au huuzwa pale pale kwa gorogoro.

Kazi hiyo ina ngazi, na kila ngazi ina bei yake. Chini kabisa yuko anayeanika kwa niaba ya wengine na kulipwa kwa siku. Juu yake yuko mwenye mtaji wa beseni chache, anayenunua leo ili auze kesho. Kisha yuko mwenye nyavu zake za kuanikia na pesa za kutosha kungoja bei ipande. Juu kabisa yuko mwenye mashua, injini, nyavu na taa, ambaye mabaharia humfanyia kazi kwa mgawo. Shilingi 2,000 zinamfikisha mtu ngazi ya pili, tena kwa shida. Hazimpandishi ya tatu hata akizipokea miaka kumi, kwa sababu kila mwezi zinakuja zikikuta karo, dawa na unga mlangoni.

Tofauti hiyo ya ngazi si ya mapato tu. Jaboya, ile desturi ya mwanamke kulala na mvuvi ili apate samaki wa kuuza, imeota mizizi pale ambapo mwanamke hana mtaji wa kununua kwa ushindani na hana mashua yake. Katika utafiti wa kitaifa wa 2018, maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay yalikuwa asilimia 19.6, ya juu kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizofuata. Mahubiri ya maadili hayajaiondoa jaboya. Kilichoigusa kweli ni umiliki. Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kaunti ya Kisumu, wanawake waliounda kikundi kiitwacho No Sex for Fish walianza mwaka 2011 kupata mashua zao kwa ruzuku za wafadhili. Mwanamke mwenye mashua ndiye anayeajiri wavuvi na kuamua nani ananunua. Kwa miaka kadhaa mpango huo ulifanya kazi, ingawa mashua za mbao huchakaa na si zote zilizokarabatiwa. Kisha mwaka 2020 ziwa likajaa hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kiwango kisichowahi kuandikwa kabla. Nduru ikafurika, kaya zikahama, na kikundi kikapoteza sehemu kubwa ya kilichojengwa.

Aliyejiajiri kando ya ziwa hana wa kumfidia maji yakipanda. Nyatike, jimbo lenye Karungu ndani yake, inalijua hili kila mto Kuja unapovunja kingo. Na hana wa kumlipia akiugua: bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, humtaka asiye na mwajiri alipie mwaka mzima kwa pamoja, kiasi kisichopungua shilingi 3,600 kwa kaya. Kwa mtu wa ngazi ya pili hiyo ni sehemu kubwa ya mtaji wenyewe. Wengi hawalipi, na homa moja ya mtoto inawarudisha kuanikia wengine.

Basi kitita ni kikubwa kiasi gani, na kije namna gani? Swali hili limejibiwa karibu sana na Karungu, upande wa pili wa Ghuba ya Winam, katika kaunti ya Siaya. Shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,500 shilingi 87,000 kila moja, sawa na dola 1,000 za wakati huo, katika utafiti uliohusisha vijiji 653. Hizo ni pesa za Inua Jamii za zaidi ya miaka mitatu na nusu, zilizokuja ndani ya miezi michache. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba kila dola iliyoingia iliongeza shughuli za kiuchumi za eneo hilo kwa takriban dola mbili na nusu, bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Waliofaidika ni pamoja na majirani wasiopewa kitu, kwa sababu waliopewa walinunua kwao.

Jaribio la pili la shirika hilo, lililoanza kulipa mwaka 2018 huko Siaya na Bomet, linagusa kiini cha mjadala huu. Vijiji vilivyolipwa viligawanywa makundi matatu. Vijiji 44 viliahidiwa kiasi cha senti 75 za dola kwa siku kwa kila mtu mzima, kwa miaka 12. Vijiji 80 viliahidiwa kiasi hichohicho kwa miaka 2 tu. Vijiji 71 vilipewa jumla ya ile miaka 2, takriban dola 500, kwa mkupuo. Matokeo ya awali yaliyotolewa 2023 hayakuonyesha kwamba watu waliacha kazi. Walichofanya ni kuhama: waliacha vibarua vya kuajiriwa na kuingia katika shughuli zao wenyewe. Biashara mpya zilichipuka zaidi katika vijiji vya mkupuo na katika vile vya miaka 12. Vijiji vya miaka 2 vilibaki nyuma, ingawa wakati huo vilikuwa vimepokea pesa zilezile.

Kwa nini miaka 12 ishinde miaka 2, wakati kwa mwezi mtu anapokea kiasi kilekile? Jibu limo kwenye chama. Watu wa vijiji vya miaka 12 waliziingiza pesa zao za kila mwezi kwenye vikundi vya kupokezana, wakageuza mtiririko kuwa vitita vyao wenyewe. Ili mtu akubaliwe kwenye chama kama hicho, wenzake lazima waamini kwamba zamu yake ya kuchanga itafika na pesa atakuwa nazo. Anayejua kwamba malipo yatakwisha mwakani, au hajui yatakuja lini, hutunza alichonacho kwa ajili ya dharura. Uhakika wa pesa ni mtaji wenyewe. Hapo ndipo uchelewaji wa Inua Jamii unapoumiza kuliko inavyodhaniwa: mlezi wa Karungu asiyejua kama malipo yatafika Machi au Juni hawezi kuahidi kitu kwa wanachama wenzake, na kwa hiyo hata zile 2,000 zinakosa njia ya kukua.

Pesa ikiwa kubwa na ya ghafla ina taabu yake pia. GiveDirectly ilipoingia Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya kaya zilizochaguliwa zilikataa kupokea, jambo ambalo Siaya lilikuwa nadra sana. Uvumi ulisema pesa hizo ni za ibada ya shetani, au kwamba siku moja zitadaiwa. Ni rahisi kuwacheka waliokataa, na ni kosa. Watu hawa wameona mengi: vikundi vya kukopesha vinavyokuja na tabasamu na kuondoka na ng'ombe, miradi inayozinduliwa kwa mahema na kutoweka kabla ya mvua kubwa. Mgeni anayeleta kipato cha mwaka mzima bila kuomba chochote anastahili kushukiwa. Somo lake ni kwamba kitita kinahitaji kupita mikononi mwa chombo ambacho wenyeji wanakijua na wanaweza kukihoji.

Serikali za Kenya zimejaribu njia nyingine na vijana. Kazi kwa Vijana ya 2009 na Kazi Mtaani ya 2020 zililipa ujira wa siku kwa kufyeka, kuzibua mitaro na kutengeneza barabara. Kazi Mtaani katika awamu ya pili ilikuwa shilingi 455 kwa siku. Pesa zilisaidia watu kula, na mwaka 2020 hilo halikuwa jambo dogo. Programu zilipofungwa, waliokuwa wakilipwa hawakubaki na mtaji wala ujuzi wa biashara. Kisha Novemba 30, 2022 ukaja Hustler Fund: mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa simu, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, urudishwe ndani ya siku 14. Kwa mwenye omena, siku 14 si mbaya, kwani mzigo huzunguka upesi. Ila kiasi anachopewa mteja mpya ni kidogo mno, na mkopo haujui kwamba kuna miezi ambayo mashua hazitoki.

NYOTA, mpango unaofadhiliwa na Benki ya Dunia ambao ulianza kugawa ruzuku za biashara mwishoni mwa 2025, umekaribia zaidi kile ambacho ushahidi unashauri. Kijana wa miaka 18 hadi 29 hupewa shilingi 50,000 kwa awamu mbili, pamoja na mafunzo, na sehemu huwekwa akiba. Ni ruzuku, si mkopo. Upungufu wake ni idadi: watu 70 kila wadi. Jimbo la Nyatike lina wadi saba, kwa hiyo ni vijana 490 kwa jimbo zima.

Na ruzuku nayo ina mipaka. Kaskazini mwa Uganda serikali iliwapa vijana, kwa vikundi, wastani wa dola 382 kwa kila mmoja katika mpango ulioanza 2006. Miaka minne baadaye waliopewa walikuwa wakipata asilimia 38 zaidi ya wenzao waliokosa. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, pengo la mapato lilikuwa limeziba: waliokosa walikuwa wamewafikia, polepole, kwa vibarua na biashara zao. Wengine huisoma habari hii kama kushindwa. Usomaji sahihi zaidi ni kwamba ruzuku iliwafikisha vijana mahali ambapo wangefika tu, ila miaka kadhaa mapema, na miaka hiyo ya katikati ndiyo ambayo watoto huzaliwa, huumwa na huanza shule.

Linabaki suala ambalo ni la ziwa peke yake. Kwa kanuni za uvuvi za Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 kila mwaka ili samaki wazaliane. Miezi minne, theluthi ya mwaka. Ni uamuzi wenye msingi, kwa kuwa omena ikiisha hakuna wa kujiajiri. Lakini unaangukia msimu wa mvua ndefu na njaa ya kabla ya mavuno, na gharama yake yote hubebwa na baharia na mchuuzi. Baadhi hulima, baadhi hununua omena ya Tanzania au Uganda kwa bei ya juu, baadhi huingia machimbo ya dhahabu ya Macalder na zebaki yake, na baadhi huvua usiku kwa kujificha. Mchuuzi aliyekuwa ngazi ya tatu mwezi Machi anaweza kuwa ngazi ya kwanza Agosti, kwa kuwa amekula mtaji.

Brazil ina samaki wake na misimu yake ya kufunga. Tangu 1991 sheria ya huko inamhesabu mvuvi mdogo aliyezuiwa kuvua kama mtu aliyekosa kazi, na kumlipa kima cha chini cha mshahara kwa kila mwezi wa kufungwa. Mpango huo umesumbuliwa na udanganyifu: watu wasiowahi kugusa wavu walijisajili, na serikali imelazimika kukaza masharti. Karungu ina faida moja katika jambo hili. Kwa kanuni za 2007, kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, BMU, yenye rejista ya wenye mashua, mabaharia na wachuuzi, na kila mtu ufuoni anajua nani huamka usiku na nani hulala. Malipo ya Aprili, yakitolewa kwa mkupuo mmoja kwa waliosajiliwa na majina yakibandikwa ubaoni hadharani, yangekuwa fao la kukosa ajira la kwanza la kweli katika ukanda huu. Yangelinda samaki na mtaji kwa pamoja. Nayo yangepita katika chombo ambacho hata wenye shaka wa Homa Bay wanajua mlango wake uko wapi, ingawa kamati zenyewe zingehitaji kusafishwa: baadhi zimeshikwa na wenye mashua, na mchuuzi mwanamke akiachwa nje ya rejista, mpango mzima utakuwa umempita yule aliyeuhitaji zaidi.

Gharama ndiyo pingamizi la kwanza litakalotolewa. Ni haki liulizwe, lakini lipimwe dhidi ya pesa ambazo tayari hutumika kufukuzana na wavuvi wa magendo, na dhidi ya thamani ya samaki wanaovuliwa kabla ya kuzaa.

Kuna lingine ambalo halihitaji hata bajeti kubwa. Kaya iliyo katika mpango wa mayatima hutolewa orodhani pale isipokuwa tena na mtoto aliye chini ya miaka 18. Haitolewi kwa sababu imejitegemea. Inatolewa kwa sababu mtoto amekua. Miaka hiyo 18 ndiyo pia umri ambao NYOTA humruhusu kijana yuleyule kuomba mtaji, lakini aombe mwenyewe kwa simu, katika ushindani wa nafasi 70 za wadi, kana kwamba serikali haikuwahi kusikia jina lake. Serikali hiyohiyo imemlisha miaka mingi na ina nambari ya mlezi wake na nyumba yake. Orodha hizo mbili, moja ya ulinzi wa jamii na nyingine ya vijana, zinatunzwa na nchi moja na hazisomani.

Serikali ya kitaifa inaweza kuzisomanisha bila sheria mpya. Kaya inapotoka kwenye mpango wa mayatima, ilipwe shilingi 24,000, yaani mwaka mmoja wa posho, kwa mkupuo, na kijana aliyekuwa akilelewa apewe nafasi ya kwanza katika ruzuku za wadi yake. Wabunge wa Nyatike na Suba Kusini, na ofisi za maendeleo ya jamii za Migori na Homa Bay, wanaweza kuanza kwa kudai jambo moja: idadi ya kaya zitakazotolewa orodhani mwaka huu katika kila wadi. Na wewe msomaji, ukiwa na mlezi wa namna hiyo katika ukoo wako, muulize mtoto wake wa mwisho atatimiza miaka 18 mwezi gani, kisha mpeleke kwa ofisa wa maendeleo ya jamii kabla mwezi huo haujafika, si baada.